Vidonge Nilivyomwagizia Mama

Jumapili, 7 Septemba. Ngungu.

Wenzangu katika mapambano! Akina mama wa kilimani na wa bondeni, ninyi mnaokamua kabla jua halijachomoza, tegeni masikio! Kuna joto linalowaunguza bila kuni wala makaa. Linaanzia kifuani, linapanda shingoni, linalowesha nguo zenu mbele ya wateja, kisha linawaacha mkitetemeka. Mmeambiwa ni uzee. Mmeambiwa mvumilie. Nani amewaambia? Nani anafaidika na kimya chenu?

(Hapa ninyamaze, nihesabu hadi tatu. Wakipiga makofi nisitabasamu.)

Hivi ndivyo nitakavyoanza Jumamosi kwenye banda la maziwa. Vita vimefunga fakulte yetu ya sheria kule Goma tangu Februari, lakini havijanifunga mdomo. Nimekuwa nyumbani miezi saba, na katika miezi hiyo nimemwona mama yangu, Vestine, akiibiwa mwili wake kidogo kidogo.

Alhamisi alikuwa kwenye chumba cha fromaji, yaani jibini, maziwa ya siku nzima yakiwa motoni. Kazi ile haisamehe: maziwa yakipita uvuguvugu wa mwili, hayagandi vizuri tena. Joto likamshika. Akatoka mbio, akasimama uani, kitambaa cha kichwa mkononi, uso akiuelekeza kwenye upepo. Aliporudi maziwa yalikuwa yanachemka. Tukawapa nguruwe. Papa Sebarenzi, baba yangu, alivaa kofia yake akaenda kuangalia ng'ombe ambao hawakuwa na shida yoyote.

Jioni Mama alisema ataiacha kazi ya fromaji. Miaka ishirini na sita ya kazi, na ataiacha akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja!

"Mama, ile iko na dawa," nilimwambia. "Inaitwa estrojeni. Ni ile homoni mwili wako umeacha kutengeneza."

"Mama yangu alipita mu hii njia, na mama yake pia."

"Na walipita namna gani?"

"Walinyamaza." Kisha akacheka. "Lakini siku moja mama yangu alimumwangia baba ndoo ya maji, akasema alizania ni kichaka inaungua."

Jumanne, 9 Septemba

Mvua tangu alfajiri. Mama ametoka mara nne kusimama ndani yake.

Jumamosi, 13 Septemba

Ushindi! Niandike yote kabla sijasahau.

Walikuwa akina mama wapatao arobaini, bidoni zao za maziwa miguuni, wakingoja maziwa yapimwe. Nilipanda juu ya kreti. Nilipofika kwenye lile swali la kimya, sikuhitaji kuhesabu hadi tatu, Mama Murekatete, jirani yetu, alipiga kelele, "Sema, mutoto! Mi niko naungua miaka ine!" Wakacheka, wakapiga makofi. Nikawaambia dawa ipo, iko mjini, inauzwa kwa wanawake wa nchi nyingine kama chumvi, na kwamba ni haki yetu kuidai.

Ndipo akainua mkono Symphorien, muuguzi mkuu wa santre, kituo chetu cha afya, ambaye kila mtu humwita Titulaire. Alikuwa amekuja kuchukua lita yake ya maziwa.

"Dada Myriam anasema kweli, dawa iko," alisema. "Lakini haiko moja. Kuko ya kumeza, kuko ya kubandika, kuko ya kupakaa. Na mbele ya yote kuko maswali ya kumuuliza kila mama. Mi siwezi kuandikia bantu arobaini vidonge mu banda."

Maswali! Nilimrukia. Nilisema kwamba mnyonge anapodai chochote katika nchi hii huulizwa maswali kwanza. Kwenye kizuizi, ofisini, kanisani, na sasa hata santre. Nilimwita bawabu wa mlango wa dawa. Banda lilitikisika.

"Titulaire, jibu basi!" alisema Murekatete. "Ao unaogopa kabinti ka universite?"

Titulaire aliifunika bidoni yake, akaniaga kwa kichwa, akaondoka. Hivyo ndivyo anavyoondoka mtu asiye na hoja.

Mama alikuwa mstari wa nyuma. Hakupiga makofi wala hakucheka. Njiani alisema tu, "Ulisema muzuri. Unasemaka kama redio."

Jumatatu, 15 Septemba

Nimemwandikia Yves, komredi wangu wa kamati ya wanafunzi, aliyebaki Goma. Atafute vidonge vya estrojeni vya miezi mitatu. Kule mtu hununua dawa kama anavyonunua sabuni.

Jumatano, 24 Septemba

Mvua. Barabara imekatika chini ya kilima. Milio ya risasi upande wa machweo, kisha hakuna. Mama amebadili nguo mara tatu.

Jumamosi, 4 Oktoba

Vimefika! Polycarpe, motari anayepanda hadi hapa kwa pikipiki yake, amevileta ndani ya mfuko wa mkate, yeye mwenyewe akiwa tope hadi kwenye nyusi. Maboksi matatu. Karatasi za maelezo hazimo. Yves anasema zililowa akazitupa.

Mama aliligeuza boksi moja, akalitazama pande zote sita.

"Hizi njo za kumeza?"

"Kimoja kila siku, Mama."

"Titulaire anasema nini?"

"Titulaire hataki kusema kitu. Njo kazi yake."

Aliligeuza tena boksi. Halafu: "Bamama bote bananiuliza kama dawa yangu imefika. Hata mu njia ya kanisa." Akatia boksi mfukoni mwa aproni. "Sawa. Nitameza."

Nilimkumbatia. Alikuwa amelowa mgongo wote.

Jumapili, 5 Oktoba

Milio imesogea. Papa na Mama wamehamisha ng'ombe kwenye malisho ya juu, mwendo wa saa tatu kwa mguu. Kuna kibanda na masufuria ya fromaji huko. Mimi nimebaki kulinda nyumba. Vidonge ameenda navyo.

Jumatano, 8 Oktoba

Naandika kibandani, malisho ya juu, vidole vimekufa ganzi. Nitaandika kila kitu kama kilivyotokea, bila kupamba.

Saa mbili asubuhi Mama Murekatete alikuja kuazima kitambaa cha kuchujia. Aliketi jikoni, akanyoosha miguu.

"Na mie, mwanangu, uniagizie zile vidonge. Lakini ya mama yako njo ya kwanza, anastahili. Kisha ile mateso yote ya mguu."

"Mguu gani?"

"Hee! Haujue? Wakati alikuzaa weye. Siku ya kumi, mguu ya kushoto ikavimba, nyekundu, inawaka. Tulimubeba mu kipoyi, ile kitanda ya miti, mi nilikuwa mbele upande wa kuume, mpaka kwa basista ba misioni. Walimudunga shindano mu tumbo wiki na wiki. Walisema damu yake iliganda mu mguu, na kama inapanda mu mapafu, anakufa." Aliona uso wangu. "Kuko nini?"

Kuna jambo ambalo sijalisema hata katika shajara hii. Mwezi wa nane, nilipokuwa nikisoma kwenye simu kuhusu estrojeni, nilikutana na mstari uliosema kwamba vidonge vya kumeza hupitia ini na vinaweza kuongeza hatari ya damu kuganda, hasa kwa aliyewahi kupatwa nayo. Niliusoma. Niliuelewa. Niliuacha nje ya hotuba kwa sababu ungeipunguzia makali.

Nilikimbia santre. Titulaire alikuwa anachanja watoto, benchi zima la watoto wanaolia. Nilisimama mlangoni, nikiwa nimesahau jinsi ya kuanza sentensi.

"Mama yangu anameza vidonge vya estrojeni tangu Jumapili. Damu yake iliwahi kuganda. Mguu wa kushoto."

Aliweka bomba la sindano chini. Hakuuliza vidonge vimetoka wapi. Alimwachia msaidizi wake kazi, akachukua stetoskopu na futi ya fundi cherehani, tukaanza kupanda.

Mvua ilitukuta kwenye kona ya kwanza. Ilikuwa mvua ile nzito ya kwetu Masisi, inayogeuza njia kuwa mfereji. Niliteleza mara nyingi. Yeye aliteleza mara moja tu, akaketi kwenye tope na koti lake jeupe, akainuka bila kunitazama. Kila nilipofumba macho niliona mwanamke ameanguka kando ya sufuria. Nusu ya njia nilisema:

"Titulaire, nilikuita bawabu."

"Nilisikia. Bantu arobaini walisikia."

"Nilikuwa..."

"Panda, dada. Utaniomba musamaha kule juu, hapa utapoteza pumzi."

Tulimkuta Mama amesimama, mikono ndani ya sufuria hadi kwenye viwiko, akivunja maziwa yaliyoganda. Alikuwa hai. Nilitaka kumrukia, Titulaire akanizuia kwa mkono.

"Mama Myriam, uko namna gani?"

"Niko. Juu ya nini muko mu tope vile? Bameua muntu?"

"Hapana. Ulimeza vidonge ngapi?"

"Ine. Ya leo pia."

Akamketisha juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akamuuliza pole pole, kama mtu anayepanga mayai: mguu unauma? Unavuta pumzi vizuri? Kifua kinachoma? Umekohoa damu? Mama alijibu hapana, hapana, hapana, kisha akasema, "Mguu ya kushoto iko nzito kidogo. Lakini nilipanda mulima."

Alimvua buti. Akapima shavu la kila mguu kwa ile futi, upana wa kiganja chini ya goti. Kulia sentimita thelathini na nne. Kushoto thelathini na tano.

"Sentimita moja si kitu, hata miguu yangu haifanani," alisema. "Lakini ikifika tatu, ao ikianza kuuma ao kuwaka, tunabeba kipoyi siku ileile. Vidonge ni mwisho leo. Utapima asubuhi na jioni, Myriam. Siku kumi na ine."

Alikunywa kikombe cha maziwa ya moto, akashuka peke yake kuwarudia watoto wake wa chanjo.

Nilimgeukia Mama. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu ilitafuta pa kwenda.

"Juu ya nini haukuniambia juu ya mguu?"

Alirudisha mikono ndani ya sufuria. "Haukuniuliza."

"Mama!"

"Ulipanda juu ya kreti, ukasema mwili yangu mbele ya bantu arobaini. Na mie nilikuwa nyuma, najiuliza: huyu mutoto ataniuliza lini? Kisha dawa ikafika, bote banangojea nimeze. Nikimukatalia mutoto wangu, batamucheka. Nikameza." Alivunja donge kubwa katikati ya viganja. "Na ile ya mguu, nani anaambiaka mutoto wake: siku nilikuzaa weye, ulitaka kuniua?"

Alhamisi, 9 Oktoba

Kulia 34, kushoto 35. Mvua.

Ijumaa, 10 Oktoba

34, 35. Jioni 34, 36. Nimepima mara tatu. Mama ananiambia nimeivuta futi. Sijaivuta.

Jumamosi, 11 Oktoba

34, 36. Sijala. Papa aliketi mlangoni akichonga mpini wa jembe, na kila nilipotoa futi kisu chake kilisimama.

Leo nilipaswa kuwa juu ya kreti. Nitawaambia wamenikosa kwa sababu ya mvua.

Jumapili, 12 Oktoba

34, 35. Mama amesali kwa sauti kwa sababu hatukuweza kushuka misani. Alimwombea Titulaire kwa jina.

Jumatano, 15 Oktoba

34, 35. Joto limemrudia mara sita leo. Anasimama mvuani na mimi nasimama mlangoni. Tatizo nililolitolea hotuba liko palepale.

Jumatano, 22 Oktoba

Siku kumi na nne zimekwisha, tumeshuka nyumbani. 34, 35.

Titulaire ameandika barua. Kuna daktari wa wanawake, Daktari Estelle, anayefanya kazi Walikale. Kila mwisho wa mwezi hutoka msituni na kuja Kashuga kuwahudumia akina mama wa kambi ya wakimbizi. "Mi najua kuuliza," alisema. "Yeye anajua kuchagua. Ao, zaidi, anajua kumusaidia mama achague." Nilimwomba msamaha. Aliendelea kuandika, kisha akasema, "Iko *s* moja ao mbili mu 'thrombose'?" Nikamwambia neno hilo la damu kuganda lina moja. Ndivyo alivyoupokea.

Alhamisi, 30 Oktoba. Kashuga.

Siku mbili juu ya pikipiki ya Polycarpe, watatu tumebanana. Vizuizi vingi, katika kila kimoja nilimeza ulimi. Titulaire alikuwa ameamuru Mama ashuke kila saa na kutembea ili damu isilale mguuni, kwa hiyo wapita njia walimwona mwanamke mwenye mwavuli akitembea mbele na pikipiki ikimfuata kama ndama.

"Mama huyu ananilipa nimusindikize na mguu!" alilalamika Polycarpe.

"Nyamaza, kijana, weye pia unapumuzika matako," alisema Mama.

Kashuga ni turubai nyeupe juu ya tope jekundu, na foleni ya wanawake. Daktari Estelle ni mfupi, amevaa buti za mpira, sauti imemkauka. Alisoma barua, akanitazama.

"Weye ni nani?"

"Binti yake. Nimekuja kumsemea."

"Aliota ububu?"

"Hapana, Daktari."

"Basi ungojee inje."

Nilisimama nje dakika arobaini, chini ya ukingo wa turubai. Nilisikia sauti ya Mama ikiendelea, ikiendelea, ikicheka hata. Sijawahi kumsikia akizungumza muda mrefu namna hiyo. Ni mambo gani hayo? Sitayajua kamwe, na nilianza kuelewa kwamba si haki yangu kuyajua.

Waliponiita, Daktari alikuwa ameshampima shinikizo la damu, matiti na tumbo, na vitu vilikuwa vimepangwa mezani.

"Nimemueleza, na anataka usikie," alisema. "Hivi ni vidonge. Kwa mama mwingine vingeweza kufaa. Kwake, na ile historia ya mguu, hapana. Hii ni jeli. Inapakwa kwenye ngozi kila siku, estrojeni inaingia katika damu bila kupita kwanza kwenye ini. Hiki ni kibandiko, njia ileile. Kinabadilishwa mara mbili kwa wiki. Kwa kipimo kidogo, hivi viwili havijaonekana kuongeza kuganda kwa damu kama vidonge. Sisemi hatari ni sifuri. Hii krimu ndogo ni ya ukeni, kwa ukavu na maumivu ya huko tu, haitamutolea joto."

"Ile nimeiuliza bei," Mama alisema, bila kunitazama. Daktari akaangua kicheko. Mimi nikatazama buti zangu.

"Na kwa sababu bado ana mji wa mimba, estrojeni peke yake hapana, ingenenepesha ukuta wa ndani, na baada ya muda inaweza kuleta kansa. Ataongeza kapsuli ya projesteroni kila akienda kulala. Na kuna dawa zisizo na homoni, nazo nimemutajia. Ao asitumie kitu. Hiyo pia ni chaguo."

Nilifungua mdomo. Jeli! Ilikuwa wazi kabisa kwangu: kipimo kinaongezwa au kupunguzwa kwa urahisi. Nilikuwa tayari na hoja tatu. Mama aliinua kidole kimoja, ishara anayompa ng'ombe mwenye kiherehere.

"Jeli inapakwa wapi, Docteur?"

"Mkono, ao paja. Inakauka, na isigusane na ngozi ya mtu mwingine mapema."

"Mikono yangu inashinda mu maziwa mpaka hapa." Alionyesha kiwiko. "Na paja, batoto ba jirani banalala juu yangu siku yote. Nipe ya kubandika."

Daktari alimpa kapsuli zile na vibandiko kumi na sita, vyote alivyokuwa navyo vya kipimo hicho. Wiki nane. Alimwekea cha kwanza mwenyewe, juu ya tako. Akamwandikia dalili za hatari, na akamwambia Mama, wala si mimi, azirudie kwa mdomo: mguu kuvimba au kuuma, pumzi kukatika, kifua kuchoma, kutokwa damu. Mama alizirudia zote bila kukosa.

Jumanne, 4 Novemba. Ngungu.

Joto mara mbili tu leo. 34, 35.

Ijumaa, 7 Novemba

Kibandiko kimetoweka. Tumepekua nguo, malazi, chumba cha fromaji. Hofu yangu ilikuwa moja: ndani ya sufuria. Mama alimwaga maziwa yote ya leo ili awe na hakika. Amebandika kingine.

Jumapili, 9 Novemba

Cha juzi kimeanguka. Papa alikipata asubuhi kimenata kwenye blanketi, akakiinua kwa vidole viwili.

"Vestine, hii daktari yako anatibu na blanketi?"

Mama hakucheka. Joto limerudi, mara tano. Vimebaki kumi na viwili.

Jumanne, 11 Novemba

Kingine. Kumi na kimoja. Nimetoa lawama kwa jasho, kwa mvua, kwa viwanda vya ng'ambo vinavyotengeneza gundi kwa ajili ya wanawake wanaokaa ofisini. Nilipokuwa katikati ya sentensi Mama alisema, "Acha. Nimechoka. Mwili yangu inakataa. Nitafunga chumba ya fromaji, nitauza masufuria." Alisema kwa utulivu, na utulivu ule ulinitisha kuliko kilio.

Safari hii niliuliza. "Mama, unataka nimwite Titulaire?"

Alifikiri. "Ndiyo. Mwite."

Jumatano, 12 Novemba

Alikuja akiwa na mwavuli uliovunjika. Hakutazama kibandiko. Aliuliza:

"Mama Myriam, ukimaliza kuoga, unajipakaaka nini?"

Mimi na Mama tulitazamana. Ni kitu cha kawaida mno hata jicho halikioni. Kila jioni, kwetu sisi watu wa ng'ombe, mwanamke hujipaka siagi ya ng'ombe, mwili mzima, kuanzia shingoni hadi vidoleni. Imesukwa kwenye kibuyu, imehifadhiwa na majani ya kunukia. Nimelala mgongoni mwa harufu ile utoto wangu wote. Daktari wa Walikale, anakoishi na watu wa msitu wanaotumia mawese, hakuwazia kuiuliza. Na mimi niliyezaliwa ndani yake sikuwazia kuisema.

"Mafuta," Mama alisema. "Lakini naibandikaka nikimaliza kupakaa, pale pale, ngozi ikiwa laini."

Titulaire alifunika uso kwa mkono. Mabega yake yalitikisika. "Hata stampu ya Leta, ya serikali yenyewe, haishike juu ya mafuta, Mama."

"Basi utaacha mafuta," niliamuru, na mara nikajisikia.

"Mafuta niliyajua mbele yako, binti," alisema Mama. Akaenda chumbani, akarudi na kipande cha sabuni na kitambaa kikavu. Alitafakari muda mrefu. "Tako ya kushoto ni ya Docteur. Hapo sitapakaa. Zingine zote ni zangu."

"Ukibadilisha, ubadilishe pahali kidogo, ngozi ipumuzike," alisema Titulaire. "Lakini ubakie chini ya kiuno."

"Tako yangu iko na nafasi," alisema Mama, na Papa, aliyekuwa nje ya dirisha akijifanya kutengeneza ua, akakohoa.

Jumapili, 16 Novemba

Kimeshika. Siku ya nne, mvua na jasho, kimeshika.

Jumatano, 26 Novemba

34, 35. Joto mara moja, dogo. Leo Mama alisimama juu ya moto nusu saa nzima, kidole ndani ya maziwa, bila kutoka. Alipotia dawa ya kugandisha alikuwa anaimba. Vibandiko vimebaki saba. Daktari ameahidi vingine. Siandiki kwamba tumeshinda. Nimejifunza kuliogopa neno hilo.

Jumatano, 3 Desemba

Polycarpe amepita kunisalimu, anaelekea Goma.

"Narudia Jumamosi na komande yako," alisema.

"Komande gani?"

"Ya vidonge! Bamama tisa. Mama Murekatete njo alikusanya majina. Banasema: zile za Myriam, zile alisema juu ya kreti." Aliwasha pikipiki. "Umenifungulia biashara, dada!"

Niliketi kwenye ngazi. Wanawake tisa, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa lolote. Nimewaona Jumamosi zote hizi nikapima maziwa na kuondoka nimeinamisha kichwa. Niliona haya, na haya yangu iliwaachia ile hotuba peke yake.

Nilimwendea Murekatete. Nikamweleza habari za vidonge vinne na futi.

"Lakini mama yako amepona!"

"Kwa vingine. Na kisha ya kuulizwa."

"Sasa mbona haukusema?"



Ijumaa, 5 Desemba

Niliandika hotuba mpya asubuhi. Kurasa tano. Ilikuwa na kujikosoa, ilikuwa na ukombozi, ilikuwa na mahali pa kunyamaza. Nilimsomea Mama akiwa anageuza fromaji kwenye rafu.

"Ni muzuri," alisema. "Lakini ukiwa juu ya kreti, banakuangalia weye tena. Nani ataniangalia mie?"

"Unataka kusema? Mbele ya watu wote?"

"Nitaonyesha mahali haiko na mafuta." Alinitazama uso wangu, akacheka hadi akashika rafu. "Hapana! Nitaeleza tu. Mguu, nitaeleza. Na yale maswali ya Titulaire, nitaanza kujibu mie wa kwanza, ndipo bengine basisikie haya."

Nimezichana zile kurasa tano. Hili ndilo tangazo, na Papa ameshaenda kulipigilia kwenye nguzo ya banda:

Akina mama wote, na hasa wale tisa walioagiza vidonge kwa Polycarpe. Kesho Jumamosi, saa mbili asubuhi, mara tu maziwa yakishapimwa na kabla pikipiki haijafika. Atasema Mama Vestine. Titulaire atamwuliza kila mmoja pembeni, nyuma ya pazia. Mimi Myriam nilikosea juu ya vidonge vile. Nitakuwa mlangoni kuwaambia hivyo mmoja mmoja mnapoingia.